Sentimita Nne

Gogo la saiprasi lenye urefu wa mita 6 na kipenyo cha sentimita 40 hutoa karibu robo tatu ya mita moja ya ujazo. Likiandikwa daftarini kuwa lina kipenyo cha sentimita 36, kilichopungua ni upana wa vidole viwili tu. Lakini mbao hazihesabiwi hivyo. Kipenyo huzidishwa kwa chenyewe kwanza, ndipo urefu uingie, kwa hiyo vidole viwili hivyo hula asilimia 19 ya gogo. Lori likibeba magogo 20 ya namna hiyo, serikali hulipwa ya takriban 16, na manne yaliyobaki hupita bure. Hupita mchana, yakiwa na risiti, kibali na sahihi.

Hesabu hiyo mwandishi wa makala haya aliijulia Naro Moru katikati ya miaka ya 1990, alipoajiriwa karani katika kiwanda cha mbao kwa sababu mwandiko wake ulisomeka. Kazi yake ilikuwa kupanda lori hadi msituni, kuandika vipimo alivyotajiwa, kulipia ofisini na kurudi na karatasi zilizokamilika. Siku hizi hana uhusiano wowote na biashara ya mbao. Hata hivyo, kila sheria mpya ya maadili ya watumishi wa umma inapotangazwa Nairobi, yeye huipima kwa vitu viwili alivyoviona akiwa karani: kalipa ambayo afisa wa misitu alipimia magogo na msumeno usiokuwa na kifuniko.

Naro Moru ni mji mdogo kwenye barabara kuu ya Nyeri kwenda Nanyuki, wenye stesheni ya reli, soko la viazi na baridi ya Julai inayopenya hata koti la manyoya. Mgeni huujua kwa njia ya kupandia Mlima Kenya. Hushuka na begi mgongoni, hutafuta mpagazi, na kabla mawingu hayajakifunika kilele cha Batian, chenye mita 5,199, huwa ameshaanza safari ya kambi ya Met Station. Wenyeji wa Kieni, eneo ulimo mji huu, wanao mlima mwingine, ule wa malisho, kuni, maji ya mfereji na mbao. Kati ya mashamba yao na msitu wa asili kuna ukanda wa miti ya kupandwa: saiprasi, paini na mikaratusi. Ukanda huo ulitokana na mtindo wa shamba ulioanza Kenya karibu mwaka 1910. Mkulima hupewa kipande kilichokatwa miti, hulima viazi na maharagwe huku akitunza miche ya serikali, na miche ikishatanda huiachia nafasi na kuondoka. Miaka kama 30 baadaye miti huwa tayari kwa msumeno, na hapo ndipo afisa wa serikali na mwenye kiwanda hukutana.

Walikutana juu ya gogo. Katika kituo kimoja cha misitu upande wa magharibi wa mlima, kituo ambacho hakina haja ya kutajwa jina, afisa wa misitu, Bwana Foresta, alikuwa mtu wa heshima. Kanisani aliketi mbele, kwenye kamati ya shule alikuwemo, na harambee ikiitishwa jina lake lilisomwa mapema. Mshahara wake haukuwa siri, na haukuwa wa kumtajirisha mtu. Mamlaka yake yote yalikuwa katika kalipa ya kupimia na nyundo ya chuma yenye herufi zilizochongwa usoni. Nyundo hiyo ikigongwa kwenye kichwa cha gogo huacha alama, na gogo lenye alama hupita vizuizi vyote vya barabarani. Kughushi alama ile ni kosa la jinai. Hakuna aliyeighushi. Ingeghushiwa ya nini, na mwenye nyundo yupo?

"Thelathini na sita," Bwana Foresta alitaja siku moja.

"Mzee, mimi naona arobaini," karani akasema. Alikuwa amesimama upande wa pili wa gogo.

"Kijana, gogo lina ganda. Ganda si mbao. Au nyinyi huuza maganda?"

Wapakiaji wakacheka. Na kweli, kanuni inaruhusu ganda litolewe katika hesabu. Ila ganda la saiprasi ni jembamba, na kwenye gogo lililofuata lilikula sentimita tano, na kwenye lile la tatu, lililokuwa limeshaambuliwa na kubaki jeupe, likala tatu. Hilo lilikuwa somo la kwanza, na limemfaa mwandishi katika kila ofisi aliyowahi kuingia. Ufisadi wa kila siku hauvunji kanuni waziwazi. Hutafuta kanuni ya kweli na kujiegemeza hapo, ili anayeuliza aonekane ndiye asiyejua kazi.

Malipo nayo hayakwenda kwa bahasha. Nyumba ya Bwana Foresta ilikuwa inajengwa, na mbao za paa zilifika zenyewe. Mchango wake wa harambee ulitoka kwenye droo ya kiwanda. Kisha likaja lori. Kwenye karatasi lilikuwa la shemeji yake, lakini kijiji kizima kilijua lilikuwa la nani, na kiwanda kililikodi kubeba magogo yaleyale ambayo mwenyewe aliyapima. Kuanzia hapo hakukuwa na haja ya kumwomba mtu chochote. Kila gogo lililopungua kipimo liliongeza safari za lori, na kila safari ilikuwa na malipo halali, yenye hati na tarehe.

Alikuwapo afisa mwingine. Alikuja baada ya yule kupandishwa cheo, akakunja mikono ya shati na kupima kila gogo ncha zote mbili, akitaja namba kwa sauti ya kusikika hadi kwenye lori. Chai ya kiwandani hakuinywa. Akipewa maji alikunywa, akashukuru. Mwenye kiwanda alilalamika kwamba kazi imekwama, na kwa kweli ilikuwa imekwama, maana bei zake zote zilikuwa zimejengwa juu ya magogo ya bure. Haukupita muda, barua ya uhamisho ikafika. Yule wa kwanza alipoondoka alichinjiwa mbuzi na hotuba zikatolewa. Huyu wa pili alisimama barabarani na sanduku lake, akangoja matatu ya Nanyuki.

Ndani ya kiwanda kulikuwa na hadithi hiyohiyo iliyovaa nguo nyingine. Msumeno wa duara, wenye meno makubwa na mkanda uliokuwa ukipepea, ulizunguka bila kifuniko. Sheria ya viwanda ya wakati ule, iliyoitwa Sura ya 514, ilitaka kila sehemu ya hatari ya mashine izingirwe barabara. Kifuniko kilikuwapo, kimeegemezwa ukutani nyuma ya mapipa ya dizeli, kwa sababu kilipofungwa kilipunguza mwendo wa kazi. Mkaguzi wa serikali alifika, akaketi ofisini, akaulizia afya ya familia, akaandika katika kitabu cha ukaguzi kwamba hali inaridhisha. Hakuvuka uwanja kwenda kwenye mashine. Kutoka kiti alichokalia hadi kwenye msumeno ni hatua chache, na kelele zake zilimlazimu ainue sauti kila alipozungumza.

Mpasuaji mmoja alipoteza vidole viwili katika msimu wa mvua, wakati magogo huteleza. Mwajiri alilipia hospitali na kumpa pesa za matumizi. Fomu ya ajali haikujazwa, kwa sababu kujaza fomu kungeibua swali la kifuniko, na swali la kifuniko lingekigusa kitabu kilichosema hali inaridhisha. Kosa la mtumishi wa umma na kosa la mwenye kiwanda yalikuwa yamefungwa fundo moja, na aliyelipa si mmoja wao.

Watu wengi wakisimuliwa mambo kama haya husema tatizo ni njaa ya mshahara. Historia ya Kenya inasema zaidi ya hapo, na inapitia Nyeri. Mwaka 1970 serikali iliunda tume ya kuchunguza muundo na mishahara ya utumishi wa umma, mwenyekiti akiwa Duncan Ndegwa, mzaliwa wa Nyeri, aliyekuwa mkuu wa kwanza Mwafrika wa utumishi huo na wakati ule gavana wa Benki Kuu. Ripoti yake ilitoka 1971. Pamoja na mambo mengine, iliona hakuna ubaya mtumishi wa serikali kumiliki mali na kufanya biashara, mradi maslahi yake yasigongane na kazi. Hoja haikuwa ya kipuuzi. Uchumi ulikuwa mikononi mwa wageni, na Waafrika waliosoma na wenye uwezo wa kupata mkopo walikuwa wachache, wengi wao maofisini. Wakizuiwa wao, nani angenunua duka la Mhindi au shamba la mzungu?

Tanzania ilikuwa imechagua njia nyingine. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni, kuwa mkurugenzi wa kampuni binafsi, kupangisha nyumba au kupokea mishahara miwili. Masharti hayo yalidumu hadi Azimio la Zanzibar la 1991 lilipoyalegeza. Wapo watakaosema Watanzania nao walikuwa na maduka kwa majina ya wake zao, na hawatakosea. Lakini aliyeficha alijua anaficha. Kenya ilihalalisha biashara ya mtumishi, kisha masharti ya kuitangaza na kuisimamia yakaachwa kwenye makaratasi. Lori la Naro Moru lilizaliwa katika pengo hilo. Kama Bwana Foresta angeulizwa, angejibu kwa dhamiri safi kwamba serikali inamruhusu kujitafutia.

Mwaka 1999 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilirusha ndege juu ya msitu wa Mlima Kenya na kuhesabu. Ripoti yake ilitaja zaidi ya miti 6,700 ya muthaiti, ule mti wa kafuri wa Afrika Mashariki, iliyokatwa kinyume cha sheria, maelfu ya miti mingine ya asili, matanuri ya makaa, mashamba ya bangi katikati ya msitu, na sehemu kubwa ya maeneo yaliyovunwa ambayo hayakupandwa tena. Ofisini, maeneo mengi kati ya hayo yalikuwa na faili zilizo sawa kabisa. Mwaka 2000 msitu huo ukatangazwa hifadhi ya taifa chini ya KWS, na uchunguzi uliorudiwa 2002 ukakuta uharibifu umepungua sana.

Kuna wanaodai kilichobadilisha hali ni bunduki za askari wa KWS. Mwandishi, aliyekuwa ameijua kalipa kwa karibu, anaona jambo jepesi zaidi: kwa mara ya kwanza aliyehesabu hakuwa aliyeuza. Ile ndege haikuwa na shemeji mwenye lori.

Marufuku ya ukataji miti iliyofuata mwaka huohuo wa 1999 ilikuwa na somo lake chungu. Viwanda vidogo kama vya Naro Moru vilifungwa. Vijana waliojua kazi ya msumeno tu wakarudi kwenye viazi, na wengine wakaingia msituni usiku. Lakini kampuni kubwa zilisamehewa: Pan Paper ya Webuye, Raiply ya Eldoret na Timsales, pamoja na viwanda vya chai vilivyohitaji kuni. Sababu zilitolewa za ajira na uchumi, na huenda zilikuwa na uzito. Mjini Naro Moru zilisikika vingine. Mwenye kiwanda aliyekuwa akijenga bei zake juu ya sentimita nne alijiona sasa ni mtu aliyeonewa, na majirani wakamhurumia. Kanuni inayombana mdogo na kumruka mkubwa humpa mkosaji kisingizio, na humnyang'anya mwadilifu sababu ya kuendelea kuwa hivyo.

Serikali ya Mwai Kibaki, naye mwana wa Othaya, Nyeri, ilipoingia madarakani, ilipitisha Sheria ya Maadili ya Watumishi wa Umma mwaka 2003. Kila mtumishi alitakiwa kutaja mapato, mali na madeni yake, ya mwenzi wake na ya watoto wake wadogo. Zawadi anayopewa kwa sababu ya cheo ikahesabiwa ni ya ofisi, isipokuwa ile ndogo. Mwaka huohuo, Wangari Maathai wa Tetu, pia Nyeri, akiwa waziri msaidizi wa mazingira, serikali iliwasimamisha kazi maafisa wa misitu nchi nzima ili wachunguzwe. Nyeri ilikuwa imetoa mtu aliyefungua mlango 1971, na sasa ilitoa waliojaribu kuuegesha.

Tatizo la sheria ya 2003 mwandishi aliliona mara moja, kwa jicho la karani. Fomu zilijazwa, zikafungwa kwenye bahasha, zikawekwa kabatini, na kuzitoa hadharani bila idhini likawa kosa. Shemeji hakutajwa popote katika fomu hizo, kwani zilimjua mwenzi na mtoto tu. Mtu angeweza kutangaza mali yake yote kwa ukweli, akagonga muhuri, na asubuhi yake akapima gogo la 40 akaandika 36.

Ndiyo maana taarifa ya mwaka 2018 haikumshangaza. Februari mwaka huo ukataji miti ulisimamishwa tena nchini, na jopo lililoongozwa na Marion Kamau wa Green Belt Movement likapewa kazi ya kuchunguza misitu. Liliporipoti mwisho wa Aprili, lilisema ufisadi katika Huduma ya Misitu ya Kenya, KFS, ulikuwa umefanywa utaratibu wa kazi, kuanzia uongozi wa juu. Miaka 15 ilikuwa imepita tangu sheria ya maadili, na 11 tangu KFS ichukue nafasi ya idara ya zamani. Jina la taasisi lilibadilika, sare zikabadilika, lakini mpimaji alibaki yuleyule mmoja, peke yake juu ya gogo.

Mwaka 2025 Bunge lilileta Sheria ya Mgongano wa Maslahi, iliyochukua nafasi ya ile ya 2003 na kuiweka Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, EACC, kuwa msimamizi mkuu. Sheria hii inakwenda karibu zaidi na lori la Naro Moru, kwa sababu inazungumzia faida ambayo mtumishi anaipata au anamwezesha mwingine kuipata kutokana na uamuzi wa ofisi. Ni hatua. Lakini nayo itategemea nani anaona nini, na lini.

Upande wa viwanda kuna mfano unaostahili kuigwa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, iliyoiondoa Sura ya 514, haikumwachia mkaguzi kila kitu. Mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi lazima pawe na kamati ya usalama yenye wawakilishi wao, na ukaguzi kamili ufanywe kila mwaka na mshauri asiye mwajiri. Kamati hizo si zote zinafanya kazi. Kuna viwanda ambavyo majina ya wanakamati yamebandikwa ukutani na wenyewe hawajui wamo. Hata hivyo, palipo na kamati hai, mpasuaji mwenyewe ana haki ya kuuliza kifuniko kiko wapi, na jibu huandikwa. Mwaka huohuo wa 2007 ilikuja pia sheria ya fidia kwa majeraha ya kazini, inayomtaka mwajiri awakatie wafanyakazi bima, ili vidole vya mtu visitegemee huruma ya bosi.

Msituni, mwenza wa kamati hiyo ni chama cha jamii cha uhifadhi wa misitu. Sheria ya misitu ya 2005, na baadaye ile ya 2016, iliwapa wanaoishi kando ya msitu nafasi ya kujiunga, kushiriki katika mipango na kutia saini mikataba ya usimamizi. Naro Moru wanacho chama chao. Kwa miaka mingi vyama vya aina hii vimejulikana kwa kugawa vipande vya kulimia na vibali vya malisho, kazi ambayo ni ya lazima. Kuhesabu magogo hakujawa desturi.

Mwandishi anapendekeza kuwe. Afisa asipime peke yake. Asimame na mwakilishi wa chama upande wa pili wa gogo, namba itajwe kwa sauti kama alivyofanya yule aliyehamishwa, na jumla ya siku ibandikwe kwenye ubao wa kituo: sehemu iliyovunwa, idadi ya magogo, ujazo, mnunuzi, kiasi kilicholipwa na namba ya lori. Afisa mwaminifu hatapoteza chochote, na ubao huo utakuwa kinga yake siku mwenye kiwanda atakapolalamika makao makuu kwamba kazi imekwama. Mwenye kiwanda mwaminifu, naye yupo, hatalazimika tena kushindana na jirani anayepasua magogo ya bure.

Kusubiri agizo la waziri si lazima. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inampa kila raia wa Kenya haki ya kuomba kumbukumbu zilizo mikononi mwa ofisi ya umma, bila kueleza anazitakia nini, na ofisi inapaswa kujibu ndani ya siku 21. Ikikaa kimya au ikikataa bila sababu ya kisheria, malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Haki ya Utawala. Barua inaweza kuandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza. Kwa hiyo, msomaji wa Kieni, Tetu, Nanyuki au popote msitu wa serikali unapopakana na shamba lako: andika barua hiyo wiki hii, omba daftari la vipimo vya msimu uliopita, na ukipewa, beba utepe uende ukapime visiki.